Koili za Mkono wa Kushoto

Kabla hakujapambazuka, jikoni kulisikika mlio mdogo: kiri, kiri, kiri. Ulikuwa mlio wa roli la waya likizunguka kwenye msumari. Bibi aliusikia akiwa bado kitandani, shuka imemfika kidevuni, na hata kabla hajafumbua macho vidole vyake vilikwisha kuamka. Mlio ule aliujua kuliko mlio wa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Akasikiliza. Kiri, kiri. Halafu ukaja mwingine, mrefu kidogo, wa kitu kinachovutwa.

"Anauvuta mno," alijisemea. "Utakatika huo."

Tap. Ukakatika.

Kisha sauti ya mjukuu wake ikasema neno ambalo halikufundishwa katika nyumba ile, na baada ya hapo kiti kikasogezwa polepole sana, kwa kunyanyuliwa, ili aliyelala asiamshwe. Hilo ndilo lililomfanya Bibi atabasamu gizani. Mtoto kakasirika mpaka anatukana, na bado anakumbuka kunyanyua kiti asikiburute.

Akajitanda kanga, akaenda jikoni. Mjukuu wake alikuwa mwanamke mzima sasa, fundi wa vyombo vya umeme mwenye kibanda chake na wateja wake, lakini pale mezani, amejishika tama mbele ya vipande vya waya, alionekana kama siku ile aliyorudi shuleni amepoteza kiatu kimoja.

"Umeamkaje, mke mwenzangu?"

"Shikamoo, Bibi. Nimekuamsha."

"Marahaba. Hukuniamsha wewe. Waya ndio ulioniita. Umekatika?"

"Umekatika, na ndio ulikuwa wa mwisho." Akamwonyesha roli. Lilikuwa tupu, mti mtupu, limebaki na ncha moja iliyosimama kama unywele wa paka.

Bibi alijua kazi yenyewe, maana kwa siku kadhaa haikuzungumzwa nyingine katika nyumba ile. Daktari wa meno wa mtaani alikuwa na beseni la chuma la kuoshea vyombo vyake. Chini ya beseni hilo imegandishwa kwa gundi kali nati moja nzito, nene kama ngumi, yenye visahani vya kauri ndani yake. Mjukuu aliiita kitetemeshi. Ukiipa umeme unaobadilika kwa kasi inayoitaka yenyewe, inatetemeka upesi kupita sikio la binadamu linavyoweza kufuata, na maji ya juu yake yanajaa vipovu vidogo visivyoonekana, vinavyoingia kila pembe ambayo brashi haifiki. Ila ile saketi ya kuiendesha ilikuwa imeungua ikawa mkaa, na nyingine haikupatikana dukani. Daktari alikuwa anasugua vyombo kwa mkono, vidole vimejaa plasta. Mjukuu alipoviona vidole vile akasema, "Nitaijenga mwenyewe."

Na alikuwa ameijenga. Ilikuwa pale juu ya ubao: transista kubwa mbili zimebanwa kwenye bati la alumini lenye mapezi ili zisipate homa, na transfoma nene ya kupeleka umeme kwenye kitetemeshi. Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo kabisa, transfoma ya kuzifungua na kuzifunga zile transista. Koili yake ya katikati alikwisha kuisuka. Zilibaki mbili za pembeni, kila moja kwenye kikorokoro chake cha plastiki cha kuzungushia waya, ambazo baadaye huchomekwa kwenye kiini kimoja cheusi.

"Hizi transista ni mabawabu wawili wa nyumba moja," alikuwa amemweleza Bibi siku ya kwanza. "Mmoja akifungua mlango wake, mwenzake afunge wa kwake. Wapokezane. Wakifungua wote wawili kwa pamoja, umeme unapita katikati kama wezi, na transista zinakwenda na maji." Jozi moja ilikuwa imekwisha kwenda na maji hivyo hivyo, na harufu yake ilikaa kwenye mapazia mpaka yakafuliwa.

"Waya kama huu utaupata wapi sasa?" Bibi aliuliza.

"Sijui. Wasukaji wa mota wanao mnene tu. Mwembamba hivi, wenye vanishi yake nzuri, nimezunguka mji mzima. Hakuna."

Bibi akavuta kiti akaketi. Alijua ulipo.

Alipokuwa msichana alifanya kazi kwenye kiwanda cha redio. Kulikuwa na ukumbi mrefu wenye madirisha marefu, na asubuhi jua liliingia likalala juu ya meza kama kitambaa. Wasichana walivaa makoti ya buluu, waliketi wawili wawili, uso kwa uso, katikati yao trei za koili. Palinukia vanishi na sabuni ya mikono. Wiki ya kwanza tu kila mmoja alikwisha kupewa jina la humo ndani. Yeye aliitwa Shoto, kwa sababu ya mkono wake. Aliyeketi mbele yake alikuwa msichana mrefu, mwembamba, anayeweza kupenyeza waya kwenye tundu lolote bila kulitazama. Huyo akaitwa Sindano.

Kila transfoma ya redio ilikuwa na nusu mbili, nusu ya huyu na nusu ya yule, na zilifungwa pamoja kwenye ukumbi wa pili. Ili wale wa ukumbi wa pili wajue waya unaanzia wapi, msukaji alifunga uzi mwekundu kwenye ncha ya mwanzo. Basi. Kazi ilikuwa hiyo, kusuka na kufunga uzi, kusuka na kufunga uzi, na Sindano akisimulia. Lo, Sindano alijua kusimulia. Msimamizi wao alikuwa na viatu vinavyolia, kwi kwi, kwi kwi, na Sindano aliweza kumaliza kisa kizima, kicheko kikanyamaza na nyuso zikainama, viatu vikiwa bado hatua moja kabla ya mlango. Walikula pamoja, walirudi bwenini pamoja. Shoto aliposhikwa na homa, Sindano alimchana nywele zake akiwa amelala, ili asubuhi asione uchungu wa kitana.

Halafu jioni moja Shoto alisahau mtandio wake. Akarudi ukumbini, taa nusu zimezimwa, akamkuta Sindano ameinama juu ya trei yake. Trei ya Shoto, si ya kwake. Alikuwa anafungua nyuzi nyekundu, moja baada ya moja.

"Nazinyoosha tu," Sindano alisema, na akaona haya, na macho akayaelekeza kwingine.

Shoto hakuuliza. Alikuwa wa watu wasiouliza. Jambo likimchoma analimeza na maji. Usiku ule alijigeuza kitandani akiwaza, anaharibu kazi yangu. Anataka nifukuzwe. Kesho yake akaomba kuhamia meza ya dirishani. Haukupita muda, Sindano akatolewa mezani akawa mbeba trei, anapita jioni jioni kukusanya kazi za wengine na kuzipeleka ukumbi wa pili, na Shoto akasema moyoni: wamemkamata. Wala hakufurahi. Kiwanda kilipofungwa, waliambiwa kila mmoja achukue roli moja la waya kama kumbukumbu. Walisimama kwenye mstari mmoja, mmoja mbele na mmoja nyuma yake, wakapokea, wakaondoka.

Roli la Shoto lilikwisha kwa watoto na wajukuu, lilifungia ua, likatengenezewa vigari, na leo limekatikia jikoni. Lakini la Sindano lazima lipo. Sindano alikuwa mtu wa kutunza hata kifungo. Na alikuwa anaishi kwa mwanawe wa kiume, nyuma ya soko, mahali ambapo Bibi alipajua miaka yote. Salamu zilifika kupitia watu: Sindano anakusalimu. Bibi alijibu zimefika, na mambo yakaishia hapo. Kila mara alitaka kuongeza neno. Alitaka kujua, kabla hajazikwa, kama siku ile alimkimbia adui au alimtupa rafiki.

"Bibi, umenyamaza."

"Kuna mtu anao waya huo."

"Nani?"

"Tulikaa naye meza moja kiwandani."

"Mbona hujawahi kunitajia?"

"Si ndiyo nakutajia. Funga vitu vyako twende. Vyote, na beseni."

"Beseni la nini, Bibi? Tunafuata waya tu."

"Huyo namjua mimi. Waya wake hautatoka mlangoni kwake bila kuona unakwenda kufanya nini."

Walikunywa chai, wakatoka jua likiwa bado changa. Mjukuu alibeba beseni na saketi yake ndani ya sanduku la mbao, amelikumbatia kama mtoto anayepelekwa kliniki. Walipita kwa mafundi baiskeli, wakapita kwa washona viatu, wakakata nyuma ya soko ambako wanawake walikuwa wanamwagia maji mboga zao. Kwenye kona ya mwisho Bibi alisimama akajifanya anatengeneza ukanda wa kiatu.

"Umechoka?"

"Sijachoka." Na hilo ndilo lililomuuma. Hakuwa amechoka hata kidogo. Kumbe ni karibu hivi.

"Hodi," mjukuu aliita.

Aliyefungua alikuwa mkwe, mke wa mwana wa Sindano, mikono ina povu la sabuni. Aliwatazama, akalitazama sanduku, akakaribisha bila kuuliza. Kutoka chumba cha ndani sauti ikapaa:

"Ni nani hao, mama, na chai haijashuka jikoni?"

"Wageni, mama. Bibi mmoja na binti yake."

"Bibi gani?"

Bibi alifungua mdomo akataka kutaja jina lake la siku zote. Lililotoka likawa jingine. "Shoto."

Pazia la chumba cha ndani likasogea. Yule msichana mwembamba hakuwapo tena. Mahali pake palikuwa na mwanamke mnene, mfupi kuliko Bibi alivyokumbuka, miwani imemshuka puani, ukungu tele kwenye vioo.

"Wewe ndiye Sindano?" Bibi aliuliza.

"Zamani. Siku hizi mimi ndio mto wa kuchomekea sindano." Akajipapasa tumbo. "Kaa, Shoto. Kaa kabla sijaamini kwamba naota."

Wakaketi. Mjukuu aliamkia, akaitikiwa, akaulizwa ameolewa na nani na kwa nini amekonda. Mkwe alileta chai, na bila kuambiwa akasogeza meza karibu na dirisha, akamwekea Bibi mto mgongoni. Bibi aliona. Huyu binti ana macho, alijisemea. Sindano hakai vibaya.

Mjukuu akaeleza shida yake. Sindano alisikiliza amekunja uso, kisha akainuka, akaenda ndani, na kitu kizito kikasikika kinaburutwa. Alirudi na roli limefungwa kwa kitambaa. Waya ulikuwa unang'aa, mwekundu kama umetoka kiwandani jana.

"Hujautumia?" Bibi akauliza.

"Niliufungia ufagio mara moja. Nikaona haya, nikaufungua." Akaliweka roli mapajani mwake, akalifunika kwa viganja. "Lakini waya wangu hautoki hapa bila mimi kuushika. Koili zenyewe mbili? Basi moja yangu, moja ya Shoto."

Mjukuu alimtupia Bibi jicho. Bibi akatazama dirishani kama hakusikia.

Wakakaa uso kwa uso. Msumari ulipatikana, roli likapachikwa, na kiri, kiri ikaanza. Mwanzoni vidole vilikuwa vigumu, vya wazee wanaotafuta njia kwenye nyumba yao wenyewe taa zikiwa zimezimika. Baadaye vikaipata. Bibi alishika kikorokoro kwa kulia akausuka waya kwa kushoto, mzunguko juu ya mzunguko, umelala karibu karibu kama misuko ya nywele. Mbele yake Sindano alisuka kwa kulia, ulimi umechungulia kwenye kona ya mdomo, vile vile kama zamani.

"Unachelewa," Sindano alisema.

"Sichelewi. Wewe unaruka."

"Mimi? Niruke na mwili huu?"

Mjukuu alicheka. Mkwe naye alicheka kule uani.

"Kwi kwi," Sindano alisema ghafla, kwa sauti ya chini.

Bibi aliinamisha kichwa palepale, uso mkavu, macho kwenye waya. Kisha akatambua alichofanya, na kicheko kikampanda kutoka mbali, kikamtikisa mpaka akalazimika kuubana waya kwa meno usifumuke. Msimamizi alikwisha kufa zamani, na viatu vyake bado vinawainamisha.

Lakini lile swali la jioni ile, kila alipolivuta, lilikataa.

Walipomaliza, kila mmoja alifunga uzi mwekundu kwenye ncha yake ya mwanzo. Mkwe ndiye aliyeutoa, kutoka kwenye kikapu cha kushonea. Mjukuu alizichomeka koili kwenye kiini, akayeyusha risasi, akaunganisha kwa kufuata nyuzi kama Bibi alivyomfundisha tangu akiwa mdogo: uzi ndio mwanzo, usiniulize. Mkwe akajaza maji kwenye beseni, maana mjukuu alisema kuliwasha likiwa tupu ni kama kuinjika sufuria tupu. Kisha mjukuu akatoa balbu moja ya kawaida, ile ya manjano ya zamani, akaiunga kwenye njia ya umeme.

"Na hiyo?" Sindano akauliza.

"Huyu ni mlinzi, Bibi. Transista zangu ni hizi tu, zikiungua hizi sina nyingine. Mambo yakiwa sawa, balbu itamulika kidogo halafu ififie. Yakiwa mabaya, itawaka yenyewe, uchungu wote ataubeba yeye."

Akabonyeza swichi.

Balbu ikawaka. Haikufifia. Iliwaka ikamulika meza nzima, ikamulika nyuso, na beseni likakaa kimya kabisa. Mjukuu akazima upesi. Alikagua viungo vyote. Akawasha tena; ikawa vile vile. Akazima, akaegemea kiti.

"Mabawabu wanafungua wote kwa pamoja," alisema. "Na sielewi. Nyuzi nimezifuata. Bibi, kwani tulikosea wapi?"

Akazichomoa koili akaziweka mezani, akainua kioo chake cha kukuza. Lakini kabla hajainama, mkono mmoja ulinyooka kutoka upande wa pili wa meza. Ulikuwa mkono wa Sindano. Uliichukua koili ya Bibi, ukaufungua uzi mwekundu kwa ukucha, ukaufunga kwenye ncha ya pili. Alifanya hivyo bila kumtazama mtu, kama mama anayemnyoosha mtoto kola ya shati huku akizungumza na jirani.

"Jaribu sasa," alisema.

Bibi aliutazama uzi ule. Akautazama mkono. Mishipa ilikuwa imesimama juu yake na ngozi imekunjamana, lakini ulikuwa mkono ule ule, na ukucha ule ule, ukifanya jambo lile lile.

Mjukuu alikuwa amekwisha kuelewa. Alishikilia koili mbili kwenye mwanga, moja kila mkono. "Ah. Bibi, wewe unasuka kwa kushoto. Waya wako unazunguka kinyume na wa mwenzako. Kwa hiyo mwanzo wako, kwenye saketi, ndio mwisho." Aliwatazama wale wazee wawili, mmoja baada ya mwingine, na kitu walichokuwa nacho usoni kilimfanya ainame juu ya kazi yake asiongeze neno.

Akaunganisha upya. Akabonyeza.

Balbu ilimulika, ikafifia, ikabaki uzi tu wa moto ndani ya kioo. Mjukuu alichukua bisibisi ndogo akaanza kugeuza skrubu, pole pole, akiitafuta ile kasi inayotakiwa na kitetemeshi. Paka aliyekuwa amelala chini ya kiti akainua kichwa. Akasokota masikio, akawatazama wote kwa dharau, akatoka nje.

"Huyo amesikia," mjukuu alinong'ona. "Sisi hatuwezi. Bado kidogo."

Skrubu ikaendelea unywele mmoja zaidi, na maji yakatoa sauti: shiii, nyembamba, kama mafuta yanapoanza kupata moto. Uso wa maji ukatetemeka. Mjukuu alikata kipande cha karatasi ya alumini akakishikilia kwa koleo ndani ya beseni, akasubiri, akakitoa. Kilikuwa kimetoboka-toboka kama chujio. Alikishika kwenye dirisha na jua likapita kwenye matundu. Hakupiga kelele. Alikaa tu nacho, machozi yanamlengalenga, anacheka.

Kisha akarudi kwenye skrubu. Ilikuwa imekwisha kukaa sawa, Bibi aliona, lakini mtoto aliiinamia muda mrefu kuliko ilivyohitaji, amewapa mgongo. Bibi akamshukuru moyoni.

"Ndicho ulichokuwa unafanya," Bibi alisema. "Jioni ile."

"Jioni ipi?" Sindano alijibu. "Ilikuwa kila jioni."

"Kila jioni."

"Ungetaka nifanyeje? Nusu zako zilikuwa zinakwenda kinyume na za wote. Redio zingetoka bubu, na wangekuja moja kwa moja kwenye trei yako. Na huyo kwi kwi alikwisha kusema mtu wa kushoto asuke kwa kulia au arudi kwao. Hukumbuki? Ulijaribu. Waya ukakukata, ukawa unalia bwenini umejifunika shuka, unadhani nimelala."

Bibi alikumbuka. Alikuwa amesahau, na sasa akakumbuka: vidole vimefungwa vitambaa, na asubuhi moja mkono wake wa kushoto umerudi kwenye waya wenyewe, na hakuna aliyemgombeza, akadhani wamemsahau.

"Mbona hukuniambia, Sindano?"

"Ningekuambia ungeanza kufikiri. Mkono wako ulikuwa unakwenda wenyewe, nilikuwa napenda kuutazama. Ukianza kufikiri huu upande gani, huu upande gani, basi, umekwisha."

"Nilipohama meza?"

Sindano akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, na ukungu ukabaki palepale. "Ulipohama meza nikawa siwezi kuifikia trei yako. Nikaomba kubeba trei."

"Uliomba."

"Mbeba trei anapita kwa kila mtu. Njiani kuna ile ngazi, nilikuwa naketi pale nafunga nyuzi zako, napeleka."

Beseni lilikuwa linasema shiii. Mtu aliyekaa mezani anapumzisha miguu, mbeba trei anapanda na kushuka siku nzima. Wote walilijua hilo. Na yeye alikuwa dirishani, jua limemlalia mapajani, anamwona anapita.

"Nilidhani wamekukamata," alisema hatimaye. "Nilidhani ulikuwa unaniharibia."

"Najua ulichodhani. Nilisubiri uniulize. Nikasema, akipoa atauliza. Hukuuliza, na mimi nina kichwa changu, nikanuna. Nikanuna mpaka nikazeeka." Akarudisha miwani puani. "Halafu nikawa nakutumia salamu."

"Zilifika."

"Hivyo ndivyo walivyoniambia. Zimefika. Kama mzigo wa mtu."

Bibi akacheka, na kicheko kikageuka kabla hakijaisha. Mkwe, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na birika, akarudi nalo jikoni kana kwamba limepungua moto.

"Lete miwani yako," Bibi alisema, akipangusa macho. "Hebu ilete. Hiyo si miwani, hilo ni dirisha la jikoni. Mke mwenzangu, hicho chombo chako kinaosha vioo?"

"Kinaosha, Bibi. Ila cha daktari wa meno."

"Basi miwani itaota meno," alisema Sindano, na akaitoa.

Mjukuu aliifunga kwa uzi akaishusha majini. Palepale wingu dogo la kijivu likaanza kutoka kwenye pembe za vioo na kwenye bawaba, likipanda kama moshi, uchafu wa miaka usiojulikana ulikojificha. Mkwe naye alirudi, na wote wanne wakainamia beseni kutazama, vichwa vimegusana. Mjukuu akaitoa, akaikausha kwa upande msafi wa shati lake, akampa mwenyewe.

Sindano akaivaa. Akamtazama rafiki yake taratibu, kutoka kwenye paji la uso mpaka kwenye mikono.

"Kumbe umezeeka hivi," alisema.

"Wewe je?"

"Mimi sijioni."

Walikaa mpaka jua likahama kutoka mezani. Walikumbushana majina: yule aliyekuwa analala na viatu, yule aliyeolewa na dereva wa kiwanda, yule aliyeimba. Wengi walikuwa wametangulia. Kila walipomtaja mmoja, walichekea jambo alilofanya. Mjukuu alijifunza siku ile kwamba bibi yake aliwahi kuruka dirisha la bweni kwenda kwenye dansi, na kwamba aliyemshikia dirisha alikuwa huyu. Alifunga vitu vyake bila haraka, akiwaachia nafasi.

Ukafika wakati wa kumpelekea daktari beseni lake. Mkwe aliwatilia matunda kwenye mfuko, akalipokea sanduku mpaka barabarani. Sindano naye alitoka, ameshika ukuta, akakataa kushikwa. Pale kwenye kizingiti alimshika Bibi mkono wa kushoto, akaugeuza, akakitazama kiganja kana kwamba anatafuta mahali waya ulipomkata.

"Utafika salama?"

"Ni karibu," Bibi alisema. "Sikujua ni karibu hivi."

"Basi njoo tena, Shoto. Njoo hata kama hakuna kilichoungua."